Swahiba, usipake kitu kwanza

Swahiba wangu,

Salamu nyingi kutoka huku Tanga, sisi wazima, mama watoto anakusalimia, joto tu ndo linatumaliza maana mvua inatishia kila jioni afu hainyeshi. Picha zako zote zimefika, hata ile uliyopiga kidole chako badala ya boti nimeiona. Hongera bwana. Boti ya aluminiamu ya futi 14, watu wanne mnainyanyua mnaipandisha ufukweni bila kelele, mashua ya mbao ya urefu huo mngeita mtaa mzima, kwa hiyo usianze kujuta eti umeuziwa mbuzi kwenye gunia. Inavuja tu.

Sasa hao washauri wako. Mzee wa mashua anasema tia kalafati, ile pamba ya kuziba mianya ya mbao, na lami, fundi wa madirisha anasema anakuja na silikoni yake nusu saa kazi imekwisha. Waambie wote asante, wasubiri. Mzee namheshimu sana, ila ujuzi wake ni wa mbao, na mbao ikikaa majini inakunywa inavimba, ile pamba inabanwa, ndo maana mashua ikishushwa inavuja siku za mwanzo afu inajifunga yenyewe. Bati halivimbi. Kitundu cha leo kesho utakikuta palepale, na kila wimbi likiipiga boti kinazidi kulegea. Afu jua. Aluminiamu inatanuka sana kwenye joto, boti ya urefu huo joto lake likipanda digrii 30, yaani kutoka alfajiri mpaka imeanikwa mchangani saa saba mchana, inarefuka karibu milimita 3 kutoka omo hadi tezi, yaani mbele hadi nyuma. Lami ikishakauka haiwezi kufuata mwendo huo, inapasuka vipasuko vya unywele, maji yanapita chini yake na wewe juu unaona pameziba vizuri kabisa.

Na silikoni ya madirisha ndo usiiguse. Inuse, ikiwa inanuka siki basi ni ile inayotoa asidi ya siki wakati inakauka, na asidi hiyo inaitafuna aluminiamu. Ubaya mwingine ni kwamba silikoni ikishapita mahali hakuna rangi wala gundi itakayoshika tena hapo, utakwangua mpaka uchoke.

Kwa hiyo kwanza tujue maji yanaingilia wapi. Usitafute boti ikiwa majini, maji yakishaingia yanatambaa kwenye mbavu yanatokea kwingine kabisa na utaziba pasipo tundu. Ipandisheni juu ya alama ya bamvua, pale maji makubwa yanapofikia, iwekeni juu ya magogo, magogo yakae chini ya mbavu si katikati ya bati, afu jaza maji ndani. Eeh, ndani. Maji ya bomba, yafike sentimita 10 tu, usijaze mpaka juu kwa sifa, maana sakafu ya mita 4 kwa 1 maji ya kina hicho ni kilo 400 na bati halijatengenezwa kubebeshwa mzigo huo likiwa hewani. Ondoa kwanza zile bodi za sakafu na kama kuna foamu chini yake itoe uipime kwa mkono, foamu nyingi za boti kuukuu zimekunywa maji, unabeba uzito bure. Afu lala chini na tochi. Tone litajionyesha. Weka alama na chaki au maka peni, usitumie penseli, ile risasi yake ni kaboni na kaboni ikikaa kwenye aluminiamu penye chumvi inaanzisha kutu.

Mimi nishakisia. Ile picha ya ubavu wa kushoto nimeikuza mpaka ikawa vumbi, kuna ribiti, zile pini zinazoshikanisha mabati, tatu nne zina michirizi myeusi inashuka chini yake kama wanja uliolowa. Hiyo ni dalili ya ribiti iliyolegea, inacheza ndani ya tundu lake inajisaga, ule weusi ni unga wa aluminiamu yenyewe. Iguse na ncha ya kidole huku mwenzio anasukuma bati kwa ndani, utaisikia inatikisika. Gonga na nyundo ndogo pia, iliyokaza inalia kwa ukali, iliyolegea inaitikia kizembe. Usisahau vilevile kizibo cha nyuma na zile boliti za ubao wa mashine, ule wa nyuma unaofungiwa injini, watu wanahangaika na mishono yote kumbe maji yanapita kwenye tundu la boliti.

Ribiti iliyolegea kidogo hubadilishi, unaikaza. Kazi ya watu wawili. Mmoja nje anashikilia chuma kizito kwenye kichwa cha ribiti, hata kichwa cha nyundo kubwa kinafaa, mwingine ndani anapiga mkia wake kwa nyundo yenye kichwa cha mviringo, mapigo machache yenye kutulia, si kuponda, ukiponda unatanua tundu. Hapo Bagamoyo kama kuna mzee anayepiga ribiti za mikono ya mabirika na masufuria muite, nakwambia huyo mkono wake utakufaa kuliko hao wote wawili, maana ameshaizoea aluminiamu. Iliyokataa kukaza au inayozunguka ndo unaitoa, unatoboa kichwa kwa drili, msumari wa drili uwe mwembamba kidogo kuliko ribiti, unaisukuma itoke, unaweka mpya ya aluminiamu tupu iliyopakwa gundi. Mkia unaobaki nje kabla ya kupiga uwe kama mara moja na nusu ya unene wa ribiti. Pale mkono usipofika ndani utatumia zile ribiti za kuvuta, zinazokazwa kutoka nje tu, lakini si hizi za madirisha, hizi zina tundu katikati na kile kijiti ndani ni chuma, kinaoza kinaacha njia ya maji. Kuna zilizofungwa upande mmoja, hizo ndo za boti.

Ufa ni habari nyingine. Ukiona ufa, mara nyingi upo pembeni ya ubavu au karibu na ubao wa mashine, toboa kitundu cha milimita 3 kwenye kila ncha yake ili ufa usiendelee kukimbia, afu kiraka cha bati la aluminiamu, gundi katikati, ribiti pembeni. Utaambiwa uchomelee. Fundi wa mageti asiguse hiyo boti, nakuomba. Aluminiamu inayeyuka kwenye digrii 660 na haiwi nyekundu kabla, inakaa vilevile inang'aa afu ghafla imedondoka, wakati ule utando wake wa juu unataka zaidi ya digrii 2000 ndo uyeyuke, kwa hiyo asiyejua anaongeza moto kupasua utando na chini bati lishakwisha. Inataka mashine yenye gesi ya agoni na mtu aliyeizoea. Na hata akipatikana, joto lake linalegeza ribiti za jirani na kuunguza gundi ya zamani kwenye mshono, umeziba kimoja umefungua vitano. Boti ya ribiti itengenezwe kwa ribiti.

Gundi sasa. Inaitwa poliurethani, uliza Sikaflex 291 au 3M 5200, hizi zinabaki laini kama mpira hata zikikauka, boti ikitanuka nazo zinavutika. Tazama tarehe kwenye tyubu kabla hujatoa hela, iliyopitwa na wakati haikauki sawasawa. Ile 5200 ya kawaida inataka kama wiki nzima ikomae, na inakaushwa na unyevu wa hewani, hapo pwani tumebarikiwa, unyevu ni wa bure. Ila kabla ya gundi ndo penye kazi yenyewe: osha chumvi kwa maji ya bomba, kwangua rangi ya zamani, sugua na brashi ya waya ya stenlesi ambayo haijawahi kugusa chuma cha kawaida, futa na asetoni kwa kitambaa cheupe mpaka kitambaa kitoke kisafi, na upake hapohapo, usiende kunywa chai kwanza, utando wa aluminiamu unarudi wenyewe mara tu ukishasugua. Paka kwa ndani na kwa nje, ibonyeze iingie kwenye mshono, si kuirembesha juu.

Kuna kitu nimeona kwenye picha ya mwisho kimenitia wasiwasi kuliko hata kuvuja. Hilo debe la rangi nyekundu ya chini ya boti uliloliweka pembeni, soma maandishi yake. Nyingi ya rangi hizo zina shaba ili kuua chaza na majani, kwenye mbao haina neno, ila kwenye aluminiamu majini baharini shaba inaila bati mpaka linatoboka toboka kama limepigwa sindano. Iuze kwa mzee wa mashua. Vivyo hivyo ubao mpya wa mashine usiweke zile mbao za kijani kijani zilizotiwa dawa, dawa nyingi za namna ile zina shaba. Boliti ziwe za stenlesi, chini yake vipete vya plastiki (washa) na gundi, na ufunge kipande cha zinki nyuma chini ya maji, zinki italiwa badala ya boti, ikibaki nusu unabadilisha. Zinki usiipake rangi, kuna mtu hapa Sahare aliipaka ipendeze, sasa sijui alitaka impendezee nani.

Fanya hivi: jaza maji, weka alama, piga picha kila alama na rula pembeni nione unene wa vichwa vya ribiti. Mimi nitaulizia gundi na ribiti hapa mjini, nikikosa nitamtuma mtu Dar, nikipata nakuwekea kwenye basi. Ribiti zilizolegea zikiwa nyingi sana kuliko ninavyofikiria nitakuja mwenyewe tupige wote, wewe nje mimi ndani, ila uwe umeshatafuta ule mchuma wa kushikilia na samaki wa kuchoma, na shemeji umwambie mapema asije akasema amevamiwa.

Wasalimie wote hapo.

Ndugu yako,
wa Sahare