Kuhusu ile rasimu yako ya Sudan Kusini

Salim swahiba,

Salaam aleikum. Huku kwema, joto tu ndilo linalotutesa. Mama Asha anakusalimu na anasema deni la halua hajalisahau. Mengine yangoje, maana Shee ameniletea rasimu ya kipindi chako cha timu ya kikapu ya Sudan Kusini na anataka majibu upesi kabla hujaingia studio.

Nianze na ugomvi. Una dakika kumi hewani, na karibu zote umezimaliza London, Julai 20, 2024: Marekani 101, Sudan Kusini 100, LeBron James akipenya na kufunga zikiwa zimebaki sekunde 8. Tamu, sikatai. Marekani kwenda mapumziko ikiwa nyuma 44 kwa 58, nani asiyependa kulisimulia hilo? Lakini ule ulikuwa mchezo wa kirafiki, haukumpeleka mtu popote. Halafu umetoka uhuru wa Julai 9, 2011 ukaruka moja kwa moja hadi pale, kana kwamba timu iliokotwa Heathrow. Wachezaji walipatikanaje? Kwa hati gani? Hapo ndipo penye historia, na ndipo ulipopapita mbio.

Kanuni ya FIBA, shirikisho la kikapu duniani, ni hii: kikosi ni watu 12, na kati yao ni mmoja tu anayeruhusiwa kuwa amepata uraia baada ya kutimiza miaka 16. Mmoja. Sasa fikiria nchi iliyozaliwa 2011, na vijana wake warefu wamezaliwa Khartoum, Cairo, Nairobi, au wamekulia Australia na Marekani. Wangehesabiwa wote kuwa raia wa tajnisi, Sudan Kusini isingekuwa na timu. Kilichowaokoa ni Sheria ya Uraia ya 2011, inayomtambua kuwa raia wa kuzaliwa mtu ambaye mzazi wake, au babu, au bibi, au hata mzazi wa hao, alizaliwa katika ardhi ile, upande wa baba au wa mama. Kazi ya shirikisho la Sudan Kusini basi ikawa ya makaratasi: kumtafuta kijana, kuthibitisha ukoo, kumpatia pasipoti, kupeleka faili FIBA na kungoja uamuzi. Faili likikwama, mchezaji anabaki jukwaani hata akiwa na urefu wa mnazi.

Ile nafasi moja wakampa Carlik Jones wa Cincinnati. Rasimu yako inamwita "mkimbizi aliyerudi nyumbani". Futa hilo kabla hujachekwa! Jones ni Mmarekani aliyepewa uraia, mchezaji bora wa G League, ligi ndogo ya NBA ya Marekani, msimu wa 2022-23, na alichaguliwa kwa sababu timu ilikuwa na mawinga na watu warefu tele, ila haikuwa na mtu wa kuupandisha mpira akibanwa uwanja mzima. Kombe la Dunia la 2023 alitoa wastani wa asisti zaidi ya 10 kwa mchezo. Nuni Omot ndiye unayemtafuta kwa habari ya ukimbizi: amezaliwa Kenya, wazazi wake wakiwa wakimbizi.

Kuna mlango mwingine unaofungwa mapema, nao ni ule wa timu mbili. Ukishaichezea nchi moja mashindano rasmi ukiwa umevuka miaka 17, kuhamia nyingine kunahitaji kibali maalumu. Luol Deng na Thon Maker, wote waliowahi kucheza NBA, wamezaliwa Wau, Sudan Kusini. Deng aliichezea Uingereza Olimpiki ya London 2012, Maker akavaa jezi ya Australia 2018. Kwa hiyo Deng alipochukua uongozi wa shirikisho mwishoni mwa 2019, alichofanya ni kuwawahi wadogo zake kabla wengine hawajawawahi. Tiketi za ndege, hoteli, kukodi kumbi, mengi alilipa mfukoni mwake. Juba hapakuwa na ukumbi wa ndani wa kufanyia mazoezi. Hili umelisema, vizuri, lakini umelisema kama la kuhuzunisha tu. Lina matokeo uwanjani: asiyezoea mbao na taa za ndani, mpira unadunda tofauti na vipimo vya macho vya mtupaji vinamdanganya. Ndiyo maana kambi zilikuwa nje, na kabla ya Olimpiki ya Paris 2024 walijifua Kigali.

Nikirudi kwenye mpangilio. Weka Nairobi, Januari 2020, mchujo wa awali wa AfroBasket, yaani ubingwa wa Afrika, Deng mwenyewe akiwa kocha benchi. Weka Algeria kujitoa kwenye mchujo wenyewe, Sudan Kusini ikaingizwa Novemba 2020 kuziba pengo. Bahati? Ndiyo, na iseme waziwazi, lakini bahati hiyo iliwakuta na faili tayari. Kisha AfroBasket ya Kigali, 2021, kocha akiwa Royal Ivey. Waliwatoa Morans wetu wa Kenya 60 kwa 58 (mwalimu Onyango hajapona mpaka leo), wakafungwa na Tunisia robo fainali. Halafu mchujo wa Kombe la Dunia, ushindi 11 na kipigo kimoja. Michezo hiyo huchezwa kwa madirisha, yaani siku chache zilizotengwa, mengine Novemba na Februari, wakati NBA na vyuo vya Marekani viko katikati ya msimu. Nyota huwapati. Anayekata tiketi ni yule wa ligi ambazo hujawahi kuzitazama, ndiyo maana nakwambia usiwaache akina Kuany Kuany, Bul Kuol na Sunday Dech wa Australia.

Manila 2023, kwenye Kombe la Dunia, ipe dakika mbili: kupoteza kwa Puerto Rico 101-96 katika muda wa nyongeza, kuipiga China 89-69, kupigwa na Serbia 115-83, kisha Ufilipino 87-68 na Angola 101-78. Ule wa Angola ndio uliowapa nafasi ya Afrika Olimpiki. Angola, Salim! Timu iliyotwaa ubingwa wa bara hili mara 11 kati ya 1989 na 2013. Wewe umeupa mchezo huo sentensi nusu.

Na Olimpiki yenyewe, Lille, Julai 28, 2024. Wimbo wa taifa uliopigwa kwanza ulikuwa wa Sudan, ukakatizwa. Kisha wakaifunga Puerto Rico 90-79. Umeishia hapo kwa shangwe. Endelea kidogo. Marekani iliwafunga 103-86, na tazama jinsi ilivyojifunza kutoka London: Joel Embiid hakuchezeshwa hata dakika moja, kwa sababu kasi ya Wasudan Kusini ilikuwa inamvuta mbali na kikapu, na Bam Adebayo akatokea benchi na pointi 18. Serbia ikashinda 96-85. Sasa piga hesabu ya tofauti ya pointi: +11, -17, -11, jumla -17. Kati ya timu zilizoshika nafasi ya tatu katika makundi matatu, mbili bora zilivuka kwenda robo fainali, Brazil wakiwa na -7 na Ugiriki -8. Kwa maana hiyo, kupoteza kwa Serbia kwa pointi 1 kungewavusha, kwa kuwa wangefika -7 na kuwapita Ugiriki. Na vikapu walivyoruhusu wakati mchezo wa Marekani umeshaamuliwa navyo viliingia kwenye hesabu hiyohiyo. Waambie vijana wa klabu yako hilo, wale wanaoacha kukaba wakishaona wamefungwa.

Khaman Maluach pia umemchanganyia umri. Alikuwa na miaka 17 Paris. Alikulia Uganda, akapitia akademia ya NBA kule Senegal na Chuo cha Duke, na 2025 alichaguliwa wa 10 katika uteuzi wa wachezaji wapya wa NBA, akaishia Phoenix Suns.

Nilitaka kukuandikia pia habari za Manute Bol, yule mrefu wa zamani wa NBA, na vijana aliowafundisha Misri, lakini hiyo ni barua nyingine, na Shee yuko mlangoni.

Sasa nijibu wewe. Dakika kumi ni lazima, au mhariri anaweza kukupa vipindi viwili? Ile sauti ya mchezo wa London una ruhusa ya kuirusha? Nani atayasoma majina ya Kidinka, na amefundishwa kuyatamka? Yule binti wa Kakuma aliyekuwa akiwarekodia vipindi bado yupo? Na halua je, unamtumia Mama Asha au nimwambie asahau?

Wako,
Hamadi