Somo la kusoma vyuoni lijengwe juu ya riwaya moja nzima

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua nizungumzie somo ambalo karibu kila mwanafunzi wa mwaka wa kwanza katika vyuo vyetu hulipitia, na ambalo wengi hulisahau kabla hata matokeo hayajabandikwa. Ni somo la stadi za mawasiliano, hasa ile sehemu yake inayohusu kusoma. Nimelifundisha kwa muda mrefu, na ninaloliona ni kwamba tunafundisha mbinu za kusoma bila kumpa mwanafunzi kitu cha kusoma. Anaandikiwa ubaoni tofauti kati ya kusoma kwa kupitia juujuu na kusoma kwa kutafuta taarifa mahususi, anainakili, anaikariri, na katika mtihani anaulizwa ataje na kueleza mbinu 5 za kusoma kwa ufanisi. Anazitaja zote, anapewa alama zake, na bado hajamaliza kitabu hata kimoja tangu alipofika chuoni.

Tatizo hili lina umri mrefu. Mwaka 1984 Criper na Dodd, wataalamu walioombwa kuchunguza hali ya Kiingereza katika elimu ya Tanzania, waliripoti kwamba chini ya asilimia 20 ya wanafunzi wa chuo kikuu waliowapima walikuwa na kiwango cha kuwawezesha kusoma bila taabu hata vile vitabu vyepesi vilivyohitajika katika masomo yao. Kutokana na ripoti hiyo ulianzishwa mradi wa kuimarisha Kiingereza kwa msaada wa Uingereza, na sehemu kubwa ya kazi yake ilikuwa kupeleka katika shule za sekondari vitabu vya hadithi vilivyopangwa kwa ngazi, kuanzia vyepesi hadi vigumu. Yako mengi ya kubishania kuhusu mradi ule, lakini wazo la kumpa kijana hadithi ili asome kurasa nyingi anazozielewa naliona sahihi mpaka leo. Kilichonishangaza siku zote ni kwamba wazo hilo tunaliacha mlangoni mwa chuo, kana kwamba kijana akishapata alama za kujiunga amekwisha kuwa msomaji.

Wanaofika kwetu wengi walisoma shule ya msingi kwa Kiswahili, wakabadilishiwa lugha kidato cha kwanza, kisha wakafundishwa fasihi kwa namna ya kuorodhesha dhamira na kutoa mifano kutoka riwaya 2 ambazo, mara nyingi, walizijua kupitia vijitabu vya uchambuzi. Chuoni vijitabu hivyo vinarithiwa na madesa, yaani kurasa chache za fotokopi zilizopita mikononi mwa madarasa kadhaa na zinazopatikana steshenari yoyote ya jirani. Ukipita vimbwetani, kwenye meza za nje za kujisomea, wiki ya mitihani utaona kurasa zimepakwa rangi ya njano mstari baada ya mstari, na wenyewe wakizisoma kwa mara ya nne au ya tano. Bidii ipo, na sipendi kusikia wanafunzi hawa wakiitwa wavivu. Tatizo ni kwamba bidii yenyewe inakwenda pasipo na faida. Mwaka 2013 mwanasaikolojia Dunlosky na wenzake, baada ya kupitia tafiti nyingi kuhusu mbinu 10 za kujifunzia, waliweka kupaka rangi na kusoma kwa kurudia miongoni mwa mbinu zenye manufaa madogo, wakaweka juu kujipima mwenyewe na kutawanya vipindi vya kujisomea. Kabla yao, mwaka 2006, Roediger na Karpicke walionyesha kwamba waliosoma andiko na kisha kujaribu kulikumbuka bila kulitazama walikumbuka zaidi baada ya wiki kuliko waliolisoma tena. Lakini dakika 5 tu baada ya kusoma, waliorudia ndio waliofanya vizuri zaidi, na hapo ndipo mwanafunzi anapodanganyika, kwa sababu usiku wa kuamkia mtihani anahisi kwamba amejua.

Kwa hiyo mbinu zinajulikana. Hata zile hatua 5 alizoziandika Francis Robinson wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Ohio mwaka 1946 (kupitia sura juujuu, kujiuliza maswali, kusoma, kujisimulia na kurejea) zingali nzuri, na sina ugomvi nazo. Ila hatua ya kujisimulia ndiyo inayorukwa, nami naelewa ni kwa nini, maana ni vigumu kujisimulia orodha ya nukta 7 zisizo na mwanzo wala mwisho. Hadithi husimulika, na mtu akisimulia vibaya, mwenzake aliyeisoma humkatiza papo hapo.

Pendekezo langu ni kwamba sehemu ya kusoma ya somo hili ijengwe juu ya riwaya moja nzima, isomwe kwa sehemu kubwa ya muhula, na kila mbinu ifundishwe pale riwaya inapoihitaji. Ningependelea Paradise ya Abdulrazak Gurnah, iliyotoka mwaka 1994, pamoja na tafsiri yake, Peponi, iliyofanywa na Ida Hadjivayanis na kuchapishwa na Mkuki na Nyota mwaka 2022. Sababu yangu haitokani na Tuzo ya Nobel aliyopewa mwandishi huyu mzaliwa wa Zanzibar mwaka 2021, ingawa nakiri kwamba tuzo husaidia unapozungumza na kamati za mitaala. Nakipendekeza kwa kuwa kipo katika lugha zote mbili anazozihitaji mwanafunzi wetu, na kwa kuwa kurasa zake za mwanzo zinamdai msomaji kazi ambayo madesa hayajawahi kumdai, yaani kuelewa jambo ambalo bado halijasemwa.

Yusuf, mtoto wa miaka 12, anaondoka kwao pamoja na Aziz, mfanyabiashara tajiri anayemchukulia kuwa mtu wa ukoo na ambaye kila akifika kuwatembelea humpa sarafu ya anna 10. Haimpitikii akilini kuuliza atarudi lini. Ni baadaye, katika duka la Aziz, ndipo kijana mwingine, Khalil, anapomweleza kwamba Aziz si ndugu yake hata kidogo na kwamba amechukuliwa kwa sababu ya deni la baba yake. Nimejaribu kuisimamisha semina kabla Khalil hajafungua kinywa, nikamtaka kila mmoja aandike analolijua, analolishuku, na sentensi iliyomtia shaka. Baadhi huwa wameshang'amua. Wengine hushtuka, na bila kuambiwa na mtu hurudi nyuma kutafuta mahali walipopitwa. Kurudi huko kwa hiari ndiko ninakokutafuta, kwa kuwa ndiko anakokuhitaji mwanafunzi wa uchumi anapokuta mwandishi amefikia hitimisho ambalo hoja zake hazikulibeba, au mwanafunzi wa sheria anapotafuta katika hukumu ndefu sentensi iliyoamua kesi.

Kuhusu lugha, najua wapo watakaosema kwamba kumpa mwanafunzi wa chuo riwaya ya Kiswahili ni kumchelewesha. Nadhani ni kinyume chake. Hu na Nation walipolichunguza suala la msamiati mwaka 2000 walikadiria kwamba msomaji huhitaji kuyajua maneno takribani 98 katika kila 100 ya hadithi ili aielewe vya kutosha pasipo msaada. Mwanafunzi asiyejua maneno 10 katika kila 100 hawezi kujifunza mbinu yoyote katika ukurasa huo, kwa sababu akili yake yote imo katika kubahatisha maana. Mpe kwanza sura hiyo kwa Kiswahili, ajifunze kutabiri, kushuku na kusimulia. Kisha mpe sura ileile kwa Kiingereza, ambamo tayari anajua nani amefanya nini, ili nguvu zake ziende kwenye sentensi. Jim Cummins, mtaalamu wa elimu ya lugha mbili, alikwisha kueleza, tangu mwaka 1979, kwamba ujuzi wa kusoma uliokomaa katika lugha moja hutegemeza ule wa lugha ya pili. Uhamisho huo haujitendi wenyewe, na ndiyo maana nasisitiza matini mbili sambamba badala ya tafsiri peke yake.

Wenzangu wa uhandisi huniuliza riwaya inamhusu nini mtu atakayejenga madaraja. Nakubali kwamba sura ya kitabu cha hisabati haisomwi kama hadithi, na kwa hiyo theluthi ya mwisho ya muhula ningeitumia kwa sura moja kutoka kitabu cha fani ya mwanafunzi mwenyewe, kwa taratibu zilezile alizozizoea. Kuhusu vijitabu vya uchambuzi wa Peponi, ambavyo bila shaka vitafika steshenari kabla ya wiki ya tatu, kinga yake ni maswali mafupi ya darasani yanayotoka katika ukurasa uliosomwa wiki hiyo, yakijibiwa kitabu kikiwa kimefungwa. Mchambuzi hukueleza kwamba dhamira ni utumwa wa deni, lakini si rahisi akukumbushe kuhusu ile sarafu.

Gharama ipo na haiepukiki. Nakala moja ya kila lugha kwa wanafunzi 2, ikikaa maktaba na kuazimwa kila muhula, ingetumika kwa miaka kadhaa. Madarasa yenye mamia ya wanafunzi ndiyo kikwazo kikubwa zaidi, kwani zoezi nililolieleza linahitaji semina ndogo na mwalimu mwenye muda wa kusoma majibu. Naviomba vyuo vinavyopanga ratiba za mwaka wa kwanza viondoe saa moja ya mihadhara ya somo hili kila wiki na kuigeuza kuwa saa ya semina, hata kama kwa kuanzia ni kwa idara moja tu, na wanaofundisha somo hili kwingineko watujulishe kupitia safu hii wanasoma kitabu gani na wanafunzi wao.

Mwalimu wa stadi za mawasiliano,
Morogoro