Risala ya Klabu ya Mazingira kwa Mgeni Rasmi, Siku ya Kupanda Miti

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Shule, walimu wetu, wazazi na walezi, wanafunzi wenzetu, mbukwenyi!

Tunakushukuru kwa kuja kupanda miti pamoja nasi, tena wiki hii ambayo mvua za kwanza zimeshanyesha. Mwaka jana tulipanda miche 120 mwezi Aprili, mvua zikiwa zinaaga. Kiangazi cha kwetu hufika mpaka Novemba. Tulimwagilia kwa zamu, hata maji ya kunawia mikono tuliyakinga kwenye ndoo. Imebaki 47, mingi ikiwa ni miarobaini iliyo karibu na jiko la shule. Hatutarudia tena kosa lile.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Sensa ya 2012 ilihesabu watu 410,956 katika Manispaa ya Dodoma. Ya 2022 ikahesabu 765,179 katika Jiji. Baadhi yetu tumo katika hesabu hiyo, maana wazazi wetu walihamia huku pamoja na Serikali. Kwa hiyo hatulalamikii nyumba. Tunalala katika nyumba zilizosimama palipokuwa na vichaka juzi tu. Kinachotuumiza ni namna viwanja vinavyosafishwa. Greda likifika hukwangua kila kitu, hata mti wa mpakani ambao usingemzuia mtu kujenga. Mtaani kwetu uling'olewa mbuyu ambao bibi mmoja jirani anasema aliukuta mkubwa vilevile alipoolewa. Mpaka leo pale hapajawekwa hata tofali moja.

Wazee husimulia kwamba jina Dodoma limetokana na Idodomya, mahali tembo alipozama kwenye tope. Tembo hatumwoni tena, lakini habari ya maji bado ni yetu. Jiji limeishi kwa muda mrefu kwa kutegemea visima vya Mzakwe, katika bonde la Makutupora. Vipimo vilivyochukuliwa tangu miaka ya 1950 vinaonesha kuwa maji ya chini ya bonde lile hayajazwi sawasawa kila mwaka. Hujazwa zaidi katika miaka michache ya mvua kubwa, kama El Niño ya 1997/98, maji yanaponyweshwa ardhini kupitia mchanga wa mito ya msimu. Mto ule mkavu, ambao mpita njia huuona kama uwanja usio na mwenyewe, ndio mlango wa maji tunayokunywa. Ndiyo maana tunaumia tunapoona malori yakichota mchanga makorongoni, na kuta za nyumba zikisogea ukingoni kila mwaka.

Ombi letu kubwa ni hili. Kiwanja cha mtu kina bikoni, zile nguzo fupi za mpaka, na kila jirani anajua kinapoishia. Korongo halina bikoni, na mbuyu hauna hati. Mpango kabambe wa mji wa mwaka 1976 ulitenga maeneo ya kijani kati ya makazi, kwa hiyo hatuombi jambo geni. Tunaomba utufikishie kwa wapimaji kwamba, kabla hawajakata viwanja katika kitongoji kipya, waanze kupima korongo na kingo zake, wahesabu mibuyu na migunga mikubwa, waviwekee bikoni vyote hivyo, ndipo wagawe kinachobaki. Barabara ikipinda kidogo kuukwepa mti, sisi tuko tayari kutembea hatua chache zaidi kuja shuleni.

Ombi la pili ni dogo: simtanki la kuvunia maji ya paa la bwalo, ili kitalu chetu kisikauke kiangazi.

Mche utakaoupanda leo, Mheshimiwa Mgeni Rasmi, ni mbuyu. Tumeuchimbia shimo kando ya lango, na pembeni yake wanafunzi wa kidato cha pili wamemimina bikoni nne za zege, zimekauka jana jioni.

Tunaomba kuwasilisha.