Mwanangu, kishikwambi usikifie

Mwanangu,

Juzi umenisimulia habari ya mwenzako aliyeporwa kishikwambi, ukaisimulia kama kichekesho, jinsi alivyomkimbiza mwizi na ndala mguu mmoja. Mimi sikucheka, na nadhani kimya changu ulikisikia. Keshokutwa unaondoka, chako kikiwa mgongoni, ndani ya mkoba uleule wenye zipu inayojifungua yenyewe. Naandika kwa sababu nikisema kwa mdomo utaniitikia "sawa mama, sawa mama" huku unaendelea kukunja nguo.

Ukiibiwa, usimfuate mwizi. Nitalirudia hili mpaka ulichoke.

Nianze na namba yako ya siri. Ni mwaka wako wa kuzaliwa. Usiniulize nimejuaje, mdogo wako anaijua na amekwisha kuwafundisha watoto wa jirani. Tarakimu nne zinatoa namba elfu kumi tu, na mwizi hahitaji kuzijaribu zote: anakutazama uso, anakisia umri, anaanza na miaka mitatu minne. Weka tarakimu sita, zikupe namba milioni moja, na zisiwe tarehe ya mtu yeyote wa humu ndani. Ule mchoro wa kuunganisha nukta usiutumie. Zima skrini, kielekeze kioo dirishani, ukiinamishe kidogo mwanga upite juu yake: utaona mstari wa mafuta ya kidole umekaa palepale, unaweza kuufuata hata wewe. Alama ya kidole ni nzuri, ila kumbuka haiondoi namba. Namba ipo nyuma yake ikisubiri. Aliyekaa kiti cha nyuma akaiona hahitaji kidole chako.

Halafu kijifunge chenyewe upesi. Chako ni cha Android, kipe sekunde thelathini. Dada yako iPad yake imewekwa isijifunge kabisa, ati inamkera anaposoma. Mwambie chaguo fupi ni dakika mbili na azichukue. Kupokonywa kifaa kikiwa wazi ndiyo hasara kubwa kuliko zote. Hapo mtu haibi kioo na betri tu, anaingia kwenye barua pepe zako, na kwa barua pepe anaingia popote.

Skrini iliyofungwa nayo huropoka. Ukitumiwa namba ya uthibitisho, ujumbe unajitokeza juu na kila mtu anausoma bila kufungua chochote. Nenda kwenye mipangilio ya arifa, ufiche maudhui kifaa kikiwa kimefungwa. Kisha fanya jaribio hili leo: kifunge, vuta menyu ya juu, ujaribu kuwasha hali ya ndegeni bila kuweka namba. Ikikubali kwako, itamkubalia na mwizi, na kikishakatwa mtandao huenda usikione tena kwenye ramani. Tafuta katika mipangilio ya skrini iliyofungwa sehemu ya kuzuia hilo. Kwenye iPad liko mahali pa namba ya siri, chini, kwenye orodha ya vitu vinavyoruhusiwa kifaa kikiwa kimefungwa. Azime Kituo cha Udhibiti, ndiyo ile menyu ya kuvuta yenye vitufe vya kuwasha na kuzima mtandao.

Fundi wa bomba hajaja, kabla sijasahau. Ukimwona kesho njiani mwambie ndoo imejaa mara mbili.

Sasa akaunti. Namba ya simu ya kurejeshea akaunti yako ni ile laini ya zamani isiyotumika tena. Hilo si kosa lako, aliyeijaza alikuwa na haraka na hakuwa na miwani. Ibadilishe. Na usiweke laini iliyomo ndani ya kishikwambi chenyewe kuwa ndiyo ya kupokelea namba za uthibitisho. Siku kikiibwa utaombwa namba, namba itatumwa kwa mwizi, wewe utabaki nje umeshika kitasa. Google wanatoa namba kumi za akiba za kuingilia akaunti usipoweza kupokea ujumbe, kila moja tarakimu nane, kila moja hutumika mara moja tu. Ziandike kwenye karatasi, zikae kwenye pochi, si kwenye mkoba wa kishikwambi. Nakala nyingine niachie mimi. Safari hii nitaiweka mahali ninapopakumbuka.

Laini yenyewe iwekee PIN yake. Ni tofauti na namba ya kufungulia skrini: hii hulinda laini hata ikichomolewa na kupachikwa kwenye simu nyingine, na hicho ndicho wanachofanya ili wapokee ujumbe wako. Ukiikosea mara tatu utaombwa PUK, namba ya kampuni ya simu ya kufungulia laini iliyojifunga, na ukikosea PUK mara kumi laini imekufa, kwa hiyo iandike kabla hujaanza kujaribu.

Huduma ya Google ya kutafuta kifaa hakikisha imewashwa, na usiniambie imewashwa kabla hujaijaribu. Chukua simu yangu, ingia kwa akaunti yako kwenye kivinjari, ukiite kilie. Kitalia dakika tano kwa sauti ya juu hata kama ulikizima sauti. Zoea kazi hiyo leo ukiwa umetulia, maana siku ya kuibiwa mikono itakuwa inatetemeka. Na elewa kinachoonekana pale. Kishikwambi kisicho na laini hunyamaza mpaka kipate Wi-Fi, au kwa vile vipya, mpaka kipite karibu na vifaa vya watu wengine vinavyokisikia kwa Bluetooth. Kidoto unachokiona kinaweza kuwa cha saa tatu zilizopita. Soma muda ulioandikwa kando yake. Lile duara linalokizunguka maana yake kiko mahali fulani humo ndani, labda nyumba hii, labda ile ya nyuma, labda ghorofa ya nne. Nakujua. Utakitazama kidoto kile na kusema ni hapa tu, dakika kumi kwa miguu. Usiende. Hujui nyuma ya mlango wamo wangapi, na ukikosea mlango wewe ndiye utakayeitwa mwizi.

Andika namba ya siriali. Iko kwenye mipangilio, mwisho kabisa, palipoandikwa kuhusu kifaa. Kwenye iPad ingia Jumla halafu Kuhusu. Kama kinachukua laini kina IMEI pia, namba ambayo kampuni za simu hukitambulia kifaa, tarakimu kumi na tano. Kile cha Wi-Fi tupu hakina, usihangaike kuitafuta. Bila namba hizo, utakapofika polisi utaeleza "ni cheusi, kina kava", na vyeusi vyenye kava viko vingi. Namba huwa imebandikwa kwenye boksi pia, lakini boksi usilitafute. Stoo ilisafishwa. Risiti ninayo, nitakutumia picha yake, nawe piga picha ya mgongo wa kifaa ule mkwaruzo wa pembeni uonekane.

Kukibeba sasa, hapa huwa hunisikii kabisa. Mkoba kifuani kwenye basi, si mgongoni. Usikishike mkononi ukiwa kiti cha dirisha lililo wazi au karibu na mlango unapokaribia kufungwa. Hapo ndipo wanaponyakua, gari linaondoka na mwizi amebaki chini. Maktaba ukienda chooni, nenda nacho. Kumwambia mtu usiyemjua "niangalizie" si ulinzi, ni kumjulisha kwamba hupo. Kwenye gari kifiche kwenye buti kabla ya kuanza safari, si baada ya kuegesha, maana anayetazama anakuona unapoficha. Kuhusu ile waya ya kufungia mezani uliyoniuliza: vishikwambi vingi havina tundu lake, utahitaji kava lenye tundu au kipande cha chuma cha kugundisha nyuma. Humchelewesha mwenye mikono myepesi, basi. Mwenye mkasi mzito haimsumbui. Kava lichakae tu, usininunulie la kung'aa.

Na hifadhi kazi zako mtandaoni. Google wanakupa gigabaiti 15 bure, ila barua pepe, picha na mafaili vyote vinakula humohumo. Zako zimejaa picha za paka. iPad ya dada yako ina 5 tu. Futa, kisha uangalie tarehe ya mwisho iliyohifadhiwa, usiamini tu kwamba inajihifadhi. Nalisisitiza hili kwa sababu yule mwenzako, ninavyodhani, hakukimbilia kile kioo. Alikimbilia insha ya muhula mzima ambayo haikuwa mahali pengine. Wewe kishikwambi umekipata kwa alama zako, hukumwomba mtu, na najivunia hilo hata kama siku ile nilichosema ni kwamba hesabu ungeweza kupata zaidi. Lakini alama zako haziko ndani yake.

Haya, kimeibwa. Kwanza ondoka hapo, ingia penye watu. Akikuonyesha kisu au akisema tu anacho, mpe, na namba akiitaka mpe. Omba simu ya mtu, fungua dirisha la faragha kwenye kivinjari ili akaunti yako isibaki kwake, ingia kwenye huduma ya kutafuta kifaa, ukifunge kwa mbali. Unaweza kuandika ujumbe utokee kwenye skrini: weka namba yangu ya simu, usiweke tunapoishi. Mwenye iPad huingia iCloud, huduma ya mtandaoni ya Apple, sehemu ya kutafuta vifaa, na pale haombwi ile namba ya pili ya uthibitisho, kisha anaweka alama kwamba kimepotea. Baada ya hapo piga kampuni ya simu wafunge laini. Ndipo ubadilishe nywila, ukianzia na barua pepe, maana hiyo ndiyo inayofungulia nyingine zote, kisha benki na pesa za simu. Usiruke ukaanza na nywila: akaunti ikitolewa kwenye kifaa kabla hujakifunga, utakuwa umepoteza kamba uliyokuwa unakivutia.

Polisi nenda na namba ya siriali, IMEI, saa, mahali, na picha ya ramani. Omba namba ya taarifa yako, hata kampuni ya simu ikitakiwa kuzuia IMEI wataiulizia. Ramani waachie wao. Wakichelewa, wachelewe.

Kufuta kila kitu kwa mbali ni uamuzi wa kufanya umekaa. Ukishakifuta cha Android hutakiona tena kwenye ramani, na kadi ya kumbukumbu ya pembeni inaweza isifutike, kwa hiyo vyeti usiviweke humo. Kama namba yako ni ya tarakimu sita na hakuna siri kubwa, subiri siku moja mbili. Kama mtu aliiona namba, futa saa hiyohiyo. Kikishafutwa kwa mbali bado kitamdai akaunti yako kabla ya kukubali kutumika. Android ina kinga hiyo tangu 2015, iPad tangu 2013. Ndiyo maana baada ya siku kadhaa, pengine wiki, utapata ujumbe mzuri wenye nembo na lugha ya heshima: kifaa chako kimepatikana, bofya hapa uingie. Ni mwizi huyo, au aliyeuziwa. Anataka nywila. Mwingine atapiga simu akuombe ukiondoe kwenye akaunti yako ili "akusaidie". Usikiondoe kamwe, hata baada ya mwaka. Siku ukikiondoa ndiyo siku kinapouzika. Na usikubali kukutana naye mahali akurudishie. Nimekwambia mara ya ngapi?

Ukiibiwa nipigie. Hata usiku. Ile siku ulipopoteza simu ya shangazi yako ukakaa siku mbili bila kusema, niliwaza baadaye ni nani aliyekufanya uogope kusema, na jibu halikunipendeza. Sitauliza bei, sitauliza ulikuwa wapi.

Mdogo wako amekwisha kuhamishia mto wake kitandani kwako, na hujaondoka bado. Shuka zako mbili ziko kwenye kamba, moja ina doa, uchukue hiyo nyingine. Namba ya siriali nitumie leo kabla hujalala. Na mkoba uache juu ya cherehani, nataka kushonea kifungo juu ya ile zipu. Uzi mweusi umeisha, nitatumia wa bluu.

Mama yako