Karatasi Tatu, Hesabu Tatu: Barua ya Wazi kwa Vijana wa Mwaloni, Kirumba

Wanangu na wajukuu zangu,

Marahaba. Maneno yenu ya kijiweni yananifikia. CCM mmeichoka, CHADEMA hamuielewi tena, sasa mnataka chama cha tatu, chochote kile, ilimradi si hao wawili. Wengine mmeapa kutopanga foleni tena baada ya Oktoba 2025, uchaguzi ambao CHADEMA haikuwamo kwenye karatasi na mgombea urais wa ACT-Wazalendo alienguliwa. Hasira yenu siilaumu. Nina neno juu ya mahali pa kuipeleka.

Siku ya uchaguzi mkuu mnapewa karatasi tatu: ya rais, ya mbunge na ya diwani. Kura ya chama kidogo haina uzito mmoja katika zote tatu, na hapo ndipo wengi wenu mnapopotea, maana nguvu zote mnazimalizia kwenye ile ya kwanza.

Tangu marekebisho ya Katiba ya mwaka 2000, rais wetu ni yule aliyepata kura nyingi kuliko wenzake, hata kama hakufika nusu. Hakuna duru ya pili. Ng'ambo ya ziwa, Kisumu na Entebbe, mshindi lazima avuke nusu ya kura, kwa hiyo mgombea wa tatu anaweza kulazimisha watu warudi vituoni, na hapo wakubwa humfuata kumbembeleza. Kwetu hana cha kubembelezewa. Mpigie kama dhamiri yako inakutuma, ni haki yako, ila usijidanganye kwamba kuna mtu umemkomoa.

Ya ubunge ni habari nyingine. Viti maalum vya wanawake hugawanywa kwa kura za ubunge za nchi nzima, na chama kinaingia kwenye mgawo kikifikisha angalau asilimia 5 ya kura halali. Ruzuku ya serikali nayo hutazama matokeo hayohayo ya ubunge. Kura uliyompa mgombea wa chama kidogo hapa jimboni kwetu Ilemela, hata akishindwa, bado inajumlishwa na za Kigoma na za Mtwara. Hatari yake iko jimboni kwenyewe. Chukulia watu 60,000 wamepiga kura: wa kwanza 25,000, wa pili 22,000, wa tatu 13,000. Watu 35,000 hawakumtaka wa kwanza, naye ndiye anayekwenda Dodoma. Ndiyo maana mwaka 2015 vyama vinne vya UKAWA, muungano wa upinzani, viliachiana majimbo, na pale vilipokosa kuelewana vikaweka wagombea wawili vikanyang'anyana kura. Kwa hiyo kabla ya kuuliza chama kipi, ulizeni nani yuko wa pili hapa kwetu na anamzidi wa tatu kwa kiasi gani.

Sasa udiwani, karatasi mnayoikunja bila kuisoma. Ushuru mnaotozwa hapo sokoni kwa gunia la dagaa hautungwi na rais. Unatokana na sheria ndogo za halmashauri, na sheria ndogo hupitishwa na baraza la madiwani. Ile mikopo ya asilimia 10 ya mapato ya ndani, 4 kwa wanawake, 4 kwa vijana na 2 kwa wenye ulemavu, hutoka hapohapo. Diwani mmoja wa chama kidogo hawezi kushinda kura barazani, lakini anapewa makabrasha, anakaa kwenye kamati, anauliza fedha imekwenda wapi na swali lake linaandikwa kwenye muhtasari. Tena kata ni ndogo, mtu anaweza kuizunguka kwa miguu nyumba kwa nyumba. Tazameni Kigoma mwaka 2015: mgombea urais wa ACT-Wazalendo alipata asilimia 0.65 nchi nzima, na mwaka huohuo chama chake kikachukua jimbo la Kigoma Mjini pamoja na Manispaa ya Kigoma Ujiji.

Mnasema vyama viwili hivi ndivyo vimekuwa vya kwanza na vya pili siku zote. Si kweli. Mwaka 1995 cha pili kwenye urais kilikuwa NCCR-Mageuzi, mgombea wake Mrema akapata karibu asilimia 28. Alipohamia chama kingine, TLP, kura zikatawanyika, na mwaka 2000 nafasi ya pili ikaenda kwa CUF. CHADEMA mwaka 2005 ilikuwa ya tatu, haikufika asilimia 6. Mwaka 2010 ikawa ya pili kwa takriban asilimia 27, na hapa kwetu ikachukua Nyamagana, Ilemela na Ukerewe. Chama cha tatu kimewahi kuwa cha pili, tena kwa miaka mitano tu. Kinachoegemea mtu mmoja huondoka naye. NCCR iwe mfano wenu.

Na mtu mwenyewe mpimeni. Mbunge wa Ukerewe aliyechaguliwa 2015 kwa CHADEMA alijiuzulu mwaka 2018 akahamia CCM. Sheria inasema anayehama chama anapoteza kiti, ila haimzuii kukigombea upya kwa chama kipya. Mwulizeni mgombea amepita vyama vingapi na kwa nini alitoka.

Mgombea binafsi msimfikirie kwa sasa. Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu iliyoko Arusha ilisema mwaka 2013 kwamba kumkataza ni kuvunja haki, lakini Katiba yetu bado inadai udhamini wa chama. Basi mkichagua chama, kichagueni mapema. Uchaguzi wa serikali za mitaa unafuata mwaka 2029, mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu, na una daftari lake la wapiga kura linaloandikishwa mtaani kwa siku chache tu. Kadi yenu ya mpiga kura haiwaingizi humo. Wengi hukosa kura ya mwenyekiti wa mtaa kwa kutolijua hili.

Vyama vidogo vingi huangukia kwenye fomu kabla ya kuangukia kwenye sanduku. Jina limeandikwa tofauti na lililo kwenye daftari, kipengele kimeachwa wazi, muhuri umesahaulika, mdhamini ni wa kata nyingine. Chukueni fomu siku ya kwanza, mtu wa pili aisome kwa sauti mstari kwa mstari, mtoe nakala, mrudishe kabla ya siku ya mwisho ili kosa likionekana liwe na muda wa kurekebishwa.

Kisha mawakala. Chama kisicho na wakala katika kila kituo cha kata hakina namna ya kubishia hesabu. Wakala lazima aapishwe siku kadhaa kabla, aingie kituoni kabla ya saa 1 asubuhi, ashuhudie sanduku likiwa tupu, na abaki hadi kuhesabu kuishe. Mpeni chakula na maji, maana anayetoka kutafuta chapati saa 8 mchana ndiye anayekosa kuona. Matokeo ya udiwani hujazwa kwenye fomu yake hapohapo kituoni. Aisome, ahakikishe tarakimu na maneno vinalingana, asaini, na asiondoke bila nakala yake. Usiku huohuo nakala zote zijumlishwe na mtu mmoja anayejua hesabu, kabla msimamizi wa kata hajatangaza.

Mzee wenu,
Kirumba, Mwanza