Ule mlio wa kompyuta

Nkuhungu, Dodoma
Jumapili jioni

Swahiba wangu mpendwa,

Nakusalimu kutoka huku, ambako upepo wa kiangazi umetufungisha madirisha kwa wiki ya tatu sasa. Barua yako imenifikia, na kwa kuwa hayo unayolalamikia kuhusu kompyuta yako kukuharibia rekodi kwa mlio wake yalinipata mimi kabla yako, naona nikusimulie nilivyohangaika.

Kosa langu lilikuwa kudhani kwamba mlio ni mmoja, kumbe ilikuwa miwili. Mmoja ulikuwa mwembamba kama wa mbu, ukitoka kwenye spika na kubadilika kila nilipokisogeza kipanya. Wa pili ulikuwa mvumo wa feni. Siku nilipovaa hedifoni zilizochomekwa kwenye kadi ya sauti ya nje (kile kiboksi kinachopeleka sauti ya maiki kwenye kompyuta), yule mbu hakusikika kabisa, na nilipochomoa chaja ya kompyuta, spika nazo zikaacha mlio huo. Hapo nikaelewa kwamba mlio ule haukuwemo kwenye rekodi hata kidogo: chaja ilikuwa kwenye soketi ya ukuta mmoja, spika kwenye soketi ya ukuta mwingine, na nyaya za sauti zikiviunganisha tena vifaa hivyo, hata njia ya ethi (waya wa usalama uendao ardhini) ikawa duara linalopitisha uchafu wote wa umeme wa kompyuta. Nilivichomeka vyote kwenye ekstensheni moja, nikanunua nyaya za spika zenye nyuzi tatu ndani, ukaisha. Fundi mmoja alinishauri nikate pini ya ethi. Usithubutu, ndugu yangu. Pini hiyo ndiyo kinga yako siku umeme wa volti 230 utakapovujia kwenye ganda la kifaa.

Feni ndiyo iliyonitoa jasho. Kwanza nilijaribu kuifuta kwa programu ya kusafisha kelele, nikaharibu kazi ya mzee mmoja aliyekuja kupiga ilimba, ile ala ya Wagogo yenye vijiti vya chuma vinavyopigwa kwa vidole gumba. Unajua kwamba ilimba hubandikwa utando wa buibui kwenye tundu la boksi lake ili sauti ivume. Programu ikauhesabu mvumo huo kuwa kelele, ikaufuta pamoja na feni, na kilichobaki kilikuwa kama mtu anayegonga vijiko. Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza kwa upole ilimba yake nimeipeleka wapi.

Usiku ule nikaifungua kompyuta. Vumbi letu jekundu lilikuwa limegandamana mbele ya feni kama kipande cha blanketi. Nikalitoa kwa brashi ya rangi, huku nimeizuia feni kwa kidole isizunguke, na tangu hapo kompyuta haichemki ovyo wala feni haikimbii. Baadaye nikaihamishia kompyuta nyuma ya maiki, kwa sababu maiki yangu husikia mbele na kupuuza nyuma, na maiki yenyewe nikaisogeza karibu na ilimba, maana ukipunguza umbali kwa nusu unapata takriban desibeli 6 zaidi za ala, ilhali feni inabaki pale pale. Ukiwa na chumba cha pili, iweke kompyuta huko, mradi waya wa USB wa kadi ya sauti usizidi mita 5.

Anza na hedifoni, kisha uniandikie ulichosikia. Mzee amekubali kurudi Jumamosi, na safari hii programu ile sitaigusa.

Ni mimi rafiki yako,
wa Nkuhungu