Pushkin ni kitukuu, si mjukuu

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika safu yako ya barua. Makala za Kiswahili kuhusu waandishi na wachoraji wa Urusi zinaonekana magazetini, na ni jambo la kushukuru. Shida ni kwamba nyingi zimepita kwenye Kiingereza kwa haraka, zikaokota makosa njiani: majina yamechanganywa, tarehe zinapishana, vipimo vimebadilishwa, na nasaba ya mtu imepunguzwa kizazi kizima. Msomaji wa Moshi au Arusha anaazima riwaya ya Dostoevsky maktaba, anakwama ukurasa wa thelathini, anarudisha kitabu akiamini Warusi ni wagumu. Si wagumu. Vinavyomkwamisha ni vitu vichache, na karibu kwa kila kimoja Kiswahili kina kifaa chake tayari.

Nianze na majina, maana ndiyo yanayowafukuza wengi. Mrusi ana matatu: lake, la baba na la ukoo. La katikati halichaguliwi, linatoka kwa baba. Sergeyevich ni bin Sergei. Arkadyevna ni binti Arkady. Alexander Sergeyevich Pushkin, basi, ni Alexander bin Sergei wa ukoo wa Pushkin. Wahariri wa Kiingereza huandika maelezo marefu mwanzoni mwa kitabu kueleza jambo hili. Sisi "bin" na "binti" zinatosha. Jina la ukoo nalo hufuata jinsia: mume ni Karenin, mke ni Karenina. Gazeti likiandika "Bwana Karenina" limempa mume jina la mkewe.

Jina la kwanza likifuatana na la baba, hiyo ndiyo heshima. Mwanafunzi humwita mwalimu wake hivyo, karani humwita mkubwa wake hivyo, bila kuongeza "Bwana" wala "Mheshimiwa". Nyumbani jina hufupishwa, kisha hufupishwa tena kwa mapenzi. Katika Uhalifu na Adhabu, riwaya ya Dostoevsky ya mwaka 1866, kijana mmoja ni Raskolnikov kwa msimulizi, Rodion Romanovich kwa mpelelezi, na Rodya kwa mama yake. Dada yake Avdotya Romanovna ndiye Dunya, ndiye Dunechka. Asiyelijua hilo huona watu sita mahali walipo wawili.

Dawa yake ni karatasi moja ya daftari. Ipige mistari upate safu tatu: jina kamili, jina la nyumbani, ni nani kwa nani. Ijaze kadiri unavyosoma, usingoje mwisho wa sura. Kosa linalotokea mara nyingi ni kuandika jina la ukoo peke yake. Katika Ndugu wa Karamazov, riwaya yake nyingine, hilo halikusaidii kitu, kwa kuwa baba na wanawe watatu wote ni Karamazov. Kinachowatenganisha ni Dmitri ambaye ni Mitya, Ivan ambaye ni Vanya, na Alexei ambaye ni Alyosha. Wote watatu ni Fyodorovich, bin Fyodor. Sasa tazama: yule mpishi wa nyumba, Smerdyakov, naye watu wamezoea kumwita Pavel Fyodorovich. Riwaya haikuhitaji kutangaza uvumi wa mjini kwamba naye ni mwana wa Fyodor. Jina la baba limeshautangaza. Mfasiri anayelifuta jina hilo kwa kuona ni refu anakuwa ameondoa ushahidi.

Kwa matamshi tuna bahati. Kiswahili huweka mkazo kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na majina mengi ya Warusi hukubali bila shida: PU-shkin, GO-gol, CHE-khov, Tur-GE-nev, Dosto-YEV-sky, Bul-GA-kov. Yanayokataa ni machache na yafaa yakaririwe: Tol-STOY na Levi-TAN mkazo uko mwisho kabisa, na Akh-MA-tova uko silabi ya tatu kutoka mwisho. Ile "kh" si "k". Itamke kama wazee wa pwani wanavyotamka "kheri". Na "ch" ya Chekhov ni ileile ya chai, neno ambalo Mrusi naye analitumia vilevile, kwa kinywaji kilekile.

Sasa Pushkin, na hapa naomba wahariri wanisikilize kwa makini. Huandikwa mara kwa mara kwamba mshairi huyu mkubwa alikuwa "mjukuu wa Mhabeshi". Hayo ni makosa mawili ndani ya maneno matatu. Abram Petrovich Gannibal, Mwafrika aliyechukuliwa mtoto, akapitia Istanbul hadi kwa Tsar Peter Mkuu mwanzoni mwa karne ya 18, alimzaa Osip. Osip akamzaa Nadezhda. Nadezhda akamzaa Alexander mwaka 1799. Hesabu mwenyewe: Osip ndiye babu mzaa mama, na Pushkin kwa Gannibal ni kitukuu. Lugha nyingine hulazimika kurundika maneno ili kusema hivyo. Sisi tuna mjukuu, kitukuu, kilembwe, halafu tunaandika mjukuu kwa wote!

Kuhusu Uhabeshi: ni mapokeo ya zamani, hayajathibitishwa. Katika ombi alilomwandikia Malkia Elizabeth wa Urusi mwaka 1742, Gannibal mwenyewe alitaja kuzaliwa Afrika katika mji alioandika Lagon. Mtafiti wa Benin, Dieudonné Gnammankou, ameuhusisha na Logone-Birni, kusini mwa Ziwa Chad, katika Kameruni ya leo. Mwandishi mwangalifu ataandika "Mwafrika", kisha ataje mjadala. Pia asiishie kwenye rangi ya ngozi. Gannibal alibatizwa mwaka 1705 Peter akiwa baba yake wa ubatizo, ndiyo maana ni Petrovich. Alisomea uhandisi wa kijeshi Ufaransa, akawa mkuu wa ngome ya Reval, yaani Tallinn ya sasa, akapanda hadi cheo cha jenerali kamili, akafariki mwaka 1781. Kitukuu wake alianza kuandika riwaya juu yake mwaka 1827 na hakuimaliza. Kwa maoni yangu, kurasa hizo chache zingefaa kuwa Kiswahilini kabla ya mashairi yake ya mapenzi, kwa sababu nathari yake ni fupi, kavu, na husalimika katika tafsiri kuliko beti.

Tarehe ni mtego mwingine. Urusi ilitumia kalenda ya Juliasi hadi tarehe 31 Januari 1918. Siku iliyofuata ikahesabiwa kuwa 14 Februari, kwa kalenda ya Gregori tunayoitumia leo. Kwa hiyo kila Mrusi wa zamani ana tarehe mbili, na zote ni kweli, kama vile saa moja asubuhi yetu ni saa saba kwa mgeni. Kinachoharibu ni kuchanganya, kuzaliwa kwa kalenda moja na kufa kwa nyingine. Kanuni ya kubadilisha ni hii: kwa karne ya 18 ongeza siku 11, ya 19 ongeza 12, ya 20 ongeza 13, ukikumbuka kwamba badiliko hutokea mwishoni mwa Februari ya mwaka wa mia, si Januari Mosi. Pushkin alizaliwa 26 Mei 1799. Ongeza 11, unapata 6 Juni. Alijeruhiwa katika pambano la bastola na Georges d'Anthès tarehe 27 Januari 1837, akafariki siku mbili baadaye. Ongeza 12, unapata 8 na 10 Februari. Tolstoy alifia kituo cha treni cha Astapovo tarehe 7 Novemba 1910, sawa na 20 Novemba. Gazeti likichagua kalenda moja na kuitaja mara moja mwanzoni, limemaliza kazi.

Nije kwenye vipimo, ambavyo huonekana vidogo mpaka vinapogusa moyo wa hadithi. Mwaka 1886 Tolstoy alitoa hadithi fupi inayouliza mtu anahitaji ardhi kiasi gani. Pahom, mkulima, ananunua desyatina 15, ambazo ni kama ekari 40. Haridhiki. Anahama, anaongeza, na mwisho anafika kwa Wabashkiri wanaouza ardhi kwa siku: ruble 1,000, na eneo lote utakalolizunguka kwa miguu ni lako, mradi urudi ulipoanzia kabla jua halijazama. Anarudi kwa kukimbia, anaanguka, anakufa, na mtumishi wake anamchimbia kaburi. Tafsiri maarufu ya Kiingereza inasema alihitaji futi sita. Tolstoy aliandika arshini tatu. Arshini ni inchi 28, sentimita 71, kwa hiyo tatu ni futi saba kamili, mita 2.13. Kwa vipimo vya wazee wetu ni pima moja na kitu juu. Anayetafsiri kutoka Kiingereza anamzika Pahom katika kaburi fupi kuliko alilopewa na mwandishi. Ningeacha "arshini tatu" palepale, na kipimo nikieleze mapema, mahali Pahom anaponunua ardhi ya kwanza, ili mstari wa mwisho usisimamishwe na maelezo. Kwa msomaji wa Kibosho, Machame au Rombo huku Kilimanjaro, ambako kihamba, yaani shamba la ukoo, hugawanywa kwa wana na mtu huzikwa humohumo kihambani, sijui hadithi ya nje inayohitaji utangulizi mfupi kuliko hii.

Vipimo vingine vya kuweka kando ya kitabu: versta ni kilomita 1.07, pudi ni kilo 16.4.

Wachoraji nao wanapunjwa, kwa sababu picha ya upana wa mita tatu hufika kwetu ikiwa na upana wa kidole kwenye simu. Chukua Wavuta Majahazi wa Volga ya Ilya Repin, iliyokamilika 1873. Ina sentimita 131.5 kwenda juu na 281 kwenda upande. Tandaza ukutani doti ya khanga ambayo haijakatwa: urefu unakaribiana, na kwenda juu ongeza kama shibiri moja. Hapo ndipo utaelewa kwa nini wale watu 11 waliofungwa mikanda ya ngozi vifuani wanamkabili mtazamaji kama wanamjia. Ukiwa na nafasi hiyo, mtafute kijana wa katikati anayeshika mkanda wake kwa mikono kana kwamba anataka kuuvua. Ndiye pekee aliyenyanyua kichwa namna ile. Kisha tazama mbali upande wa kulia, kuna meli ndogo ya mvuke inatoa moshi. Mashine ya kuwaondolea kazi hiyo ilikwishakuwapo. Anayewajua wapagazi wa Mlima Kilimanjaro wanaopimiwa mizigo langoni Machame au Marangu hatahitaji kuelezwa shingo zile zimeinama kwa nini. Picha hiyo iko Jumba la Makumbusho la Kirusi, St Petersburg, si Tretyakov ya Moscow kama inavyoandikwa kwa kukisia.

Maelezo ya picha gazetini, basi, yawe na mwaka, urefu kwa upana, na jumba ilipo. Na mahali pa kuzaliwa msanii paandikwe kwa nchi ya leo. Repin alizaliwa Chuhuiv, Gogol mkoa wa Poltava, Malevich Kyiv, zote ziko Ukraine. Chagall alizaliwa Vitebsk, Belarus. Aivazovsky, fundi wa kuchora bahari, alikuwa Mwarmenia wa Feodosia, Crimea. Dola ya Kirusi ilikuwa pana, na kuwaita wote Warusi bila neno la ziada ni kuwanyang'anya watu wengine watoto wao.

Mwisho ni Chekhov, ambaye ndiye ningempa mgeni wa fasihi hii kwanza. Alikuwa daktari. Mwaka 1890 alivuka Siberia hadi kisiwa cha Sakhalin, akawahesabu wafungwa na walowezi nyumba kwa nyumba, kila mtu na kadi yake. Aliugua kifua kikuu, akajua maana yake kuliko wagonjwa wake, na hakukuwa na hospitali ya kifua kikuu kama Kibong'oto ya kumponya: dawa ya kwanza ya kweli, streptomaisini, iligunduliwa 1943, naye alifariki 1904 akiwa na miaka 44. Anza na hadithi zake za kurasa tatu au nne, kama ile ya karani aliyempigia chafya jenerali, ya mwaka 1883. Halafu Wodi Namba 6 ya 1892. Baada ya hapo ndipo tamthilia.

Kwa vikundi vya maigizo vya Arusha na Moshi vinavyofikiria Bustani ya Micheri, ya mwaka 1904: ina vitendo vinne, mnada wa shamba uko tarehe 22 Agosti, na mfanyabiashara Lopakhin anashauri tangu mwanzo bustani ikatwe viwanja vya nyumba za mapumziko. Yeyote aliyesikia mzozo wa kukata viwanja kwenye shamba la mibuni anaujua ugomvi huo. Chekhov aliita mchezo huo komedi, na waigizaji huuharibu kwa kulia kuanzia kitendo cha kwanza. Sauti ya uzi unaokatika husikika mara mbili, kitendo cha pili na mwisho kabisa. Iwe ileile, isibadilishwe. Na shoka linalosikika mtumishi mzee Firs akiwa amesahauliwa ndani ya nyumba lipigwe kwenye gogo halisi, mbali nyuma ya pazia. Likitoka kwenye spika ya simu, watazamaji watageuka kuangalia nani anabisha hodi.

Msomaji wako,
Majengo, Moshi